Shangazi Nijibu: Kuumwa akili hakumfungi mtu mdomo

Toleo lililopita nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba kabla ya kuwa shangazi wa kurasa hizi nilikuwa nesi wa wodi ya wagonjwa wa akili, hospitali ya serikali, miaka 22. Basi huo mstari mmoja ndo umeleta barua zote hizi. Nimechagua saba, nimezifupisha kidogo, na majina mmejipachika wenyewe. Mnaandika kutoka nchi tofauti na kila nchi ina sheria yake, kwa hiyo pale sheria inapopishana nitawaambia mkaulize nini na mumuulize nani.

Shangazi shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 24. Huu mwezi wa tatu silali, naamka saa tisa usiku naangalia dari mpaka kunakucha, kazi siiwezi, chakula hakina ladha, simu za marafiki naziacha ziite tu. Nataka kumwona daktari wa akili ila hospitali ya kulipia siiwezi, na nikifikiria kuingia kwenye geti la hospitali ya wagonjwa wa akili naogopa kukutana na mtu anayenijua. Naanzia wapi? Na wakiniona hivi si watanilaza? – Asiyelala

Marahaba mwanangu. Hilo geti liache kwanza, siyo pa kuanzia. Anzia palepale unapokwenda ukiwa na homa, kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, dirisha la wagonjwa wa kawaida. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha manesi na madaktari wa kawaida kutibu sonona (huzuni nzito isiyoisha), kifafa, kuchanganyikiwa na ulevi bila kusubiri bingwa, kwa hiyo usikubali mtu akwambie hapa hatushughuliki na mambo ya akili. Wanatakiwa washughulike, au wakuandikie rufaa ya kwa anayeshughulika. Hayo mawili tu, la tatu halipo.

Shida kubwa niliyoiona miaka yote ile iko mdomoni kwa mgonjwa. Mtu amekesha miezi mitatu, anafika mbele ya dokta anasema "kichwa kinaniuma", anapewa panadoli anarudi nyumbani na ugonjwa wake kama alivyokuja nao. Dokta ana watu hamsini nje na wewe una dakika chache, sasa usizipoteze kwa aibu. Andika kwenye karatasi usiku wa kuamkia siku hiyo: imeanza lini, unalala saa ngapi unaamka saa ngapi, uzito umepungua au la, pombe unakunywa kiasi gani (sema ukweli, hakuna wa kukusema kwa mama yako), kuna ndugu aliyewahi kuumwa hivi, na je umewahi kuwaza kwamba bora usiwepo. Hiyo karatasi mpe dokta mkononi kama mdomo unakuwa mzito. Atakuuliza maswali, mara nyingi huwa ni yale tisa yanayohusu wiki mbili zilizopita, na akiwa makini atataka damu yako ipimwe, maana tezi ya thairoidi pale shingoni ikilegea au damu ikipungua mtu anaweza kuonekana ana sonona kumbe mwili ndo umechoka.

Kulazwa, hapana. Wengi wenye hali kama yako wanatibiwa wakitokea nyumbani, na uliyekwenda mwenyewe kwa miguu yako kwa kawaida unaondoka kwa miguu yako. Unaweza kupewa mazungumzo na mnasihi bila dawa yoyote, unaweza kupewa dawa ya sonona kama fluoksetini, au vyote. Ukipewa dawa jua mambo matatu mapema ili usije ukaitupa: haifanyi kazi siku ya kwanza, inataka kama wiki mbili mpaka nne. Siku za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka. Na kwa umri wako, chini ya miaka 25, wachache hupata mawazo mabaya zaidi au kutotulia zile wiki za mwanzo, ikitokea usisubiri tarehe ya kliniki, rudi siku hiyohiyo. Ukipata nafuu usiache ghafla, huwa inaendelea miezi sita hivi baada ya kupona ndo inapunguzwa taratibu.

Kuhusu hela, uliza kabla ya kulipa chochote: huduma ya akili hapa ni bure au kuna msamaha? Kama wa dirishani hajui, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, hospitali nyingi za serikali zinayo, na watu hawaendi kwa sababu hawajui ipo.

Halafu kuna lile utakalokutana nalo. Dokta au nesi anakuangalia anasema "we kijana huumwi, ni mawazo tu, omba Mungu". Usigombane. Sema kwa upole, "sawa, naomba uandike kwenye faili langu kwamba nimeomba huduma ya akili na nimekataliwa, na sababu". Nimekaa upande wa pili wa ile meza, nakwambia mkono unaoandika maneno hayo huwa mzito sana, na mara nyingi kalamu inageuka inaandika rufaa.

Shangazi, kaka yangu ana miaka 31. Siku nne hakulala, anaongea bila kupumua, anasema jirani ameweka vinasa sauti ukutani, mwisho akavunja madirisha ya huyo jirani. Tukamshika watu watano tukampeleka hospitali, mimi ndo niliyesaini fomu. Kesho yake nikamkuta kafungwa mikono kitandani kwa mashuka, akaniambia "dada umeniuza". Nesi akasema utaratibu ndo huo, na kwamba nikishasaini sina usemi tena mpaka dokta aseme. Nimefanya kosa? Na kweli mle ndani hana haki yoyote? – Dada Mtu

Mdogo wangu, pole. Lile neno litakukaa kwa muda. Hujamuuza. Mtu wa siku nne bila usingizi anayevunja madirisha yuko hatarini, jirani akitoka na panga tungekuwa tunaongea habari nyingine. Ila huyo nesi kakudanganya, au na yeye alidanganywa hivyohivyo alipoanza kazi. Saini yako imeomba kaka aangaliwe. Haijafuta kaka kuwa mtu na haijafuta wewe kuwa dada.

Kesho rudi, muombe nesi mkuu wa wodi akueleze: kaka amelazwa kwa hiari au kwa lazima? Kama ni kwa lazima, ni kwa sheria gani, muda wake unaisha tarehe ngapi, na nani nje ya hospitali anaupitia huo uamuzi? Kulaza kwa lazima kunatakiwa kuwe na tarehe ya mwisho, siyo "mpaka dokta aseme". Uingereza ukilazwa kwa uchunguzi ni siku 28, basi. Italia, kwa ile sheria ya 1978 iliyoanza kuzifunga hospitali zao kubwa za wagonjwa wa akili, ni siku 7 kwa mara moja, na siyo dokta anayetoa amri, ni meya, baada ya madaktari wawili kukubaliana, kisha hakimu anaipitia. Kwenu huenda ni bodi au mahakama. Jibu likiwa "sijui", hilo nalo ni jibu, liandike na saa na jina la aliyelitoa.

Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwalinda wagonjwa wa akili mwaka 1991, na kwenye kufunga zimesema wazi: mtu anafungwa tu pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuzuia madhara ya papo hapo, kwa muda ule tu unaohitajika, anaangaliwa kwa karibu na mara kwa mara, sababu inaandikwa kwenye faili, na ndugu anayemwakilisha anajulishwa haraka. Sasa pima mwenyewe. Kaka alifungwa usiku, je asubuhi ulipofika alikuwa bado anapigana? Kuna mtu alikuwa amekaa naye? Wewe ulipigiwa simu au uliyakuta?

Na mimi nimefunga watu. Nasema hapa kwa sababu sitaki ionekane najua kwa kusoma. Wodi ya watu arobaini manesi wawili zamu ya usiku, mmoja akianza kurusha vitu unafunga kwa hofu yako mwenyewe, halafu unamsahau mpaka alfajiri kwa sababu kuna mwingine ana degedege. Siyo sababu ya kukubali, nakueleza tu inavyotokea ili ukienda kulalamika ujue unadai nini: mtu wa kukaa naye, na ifunguliwe mara akitulia. Kuna mzee mmoja nilimkuta mikono imevimba asubuhi na nikaandika kwenye kitabu cha zamu "amelala vizuri". Mpaka leo nauona mwandiko wangu.

Dawa je? Sindano ya dharura usiku ule ni jambo moja, dawa za kila siku ni jambo lingine. Hata aliyelazwa kwa lazima anatakiwa aambiwe anapewa nini, kwa nini, na italeta madhara gani, na aulizwe. Watu wengi, madaktari wakiwemo, wanadhani ukishachanganyikiwa huwezi kuamua lolote. Siyo kweli. Uwezo wa kuamua unapimwa kwa jambo mojamoja: analielewa, analishika kichwani, analipima, anaweza kusema anachotaka? Na leo anaweza akashindwa, keshokutwa akaweza. Kaka anaweza kuwa bado anaamini vinasa sauti viko ukutani na akawa na akili timamu kabisa ya kusema nani aje kumwona, achomwe mkono upi, na kwamba dawa fulani mara iliyopita ilimkakamaza.

Wataalamu wa sheria wana mvutano hapa. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 umesema ulemavu usiwe kamwe sababu ya kumnyima mtu uhuru wake, na kamati inayousimamia inataka kulaza kwa lazima kufutwe kabisa. Mimi sijafika huko, nimeona usiku kama ule wa kaka yako. Lakini nimeona vilevile watu wamelazwa miaka kwa sababu tu ndugu hawataki kuwachukua, hivyo nikisikia mtu anasema haki ziwasubiri wapone nakasirika.

Ukitaka kulalamika anza na nesi mkuu, kisha uongozi wa hospitali kwa maandishi, ikigoma nenda tume ya haki za binadamu au baraza linalosajili madaktari na manesi. Weka tarehe, saa, ulichoona kwa macho yako. Picha ya kaka akiwa amefungwa usiirushe kwenye magrupu, nakuomba, akipona ataikuta.

Na kwa lile neno "umeniuza", akitulia mwambie ukweli bila kujitetea sana: niliogopa, nikasaini, na nilipokukuta umefungwa nililia. Baadaye akiwa mzima kabisa kaeni muandike karatasi yake: dalili za mwanzo zikija apigiwe nani, nani asimkaribie, dawa ipi ilimfaa na ipi ilimtesa, akatibiwe wapi. Aisaini yeye, nakala moja iingie kwenye faili. Nchi nyingine karatasi hiyo ina nguvu ya sheria, nyingine haina, lakini dokta wa zamu ya usiku akiipata anaisoma.

Shangazi nimechoka. Siyo uchovu wa kulala. Nikienda hospitali nikasema ninachowaza nasikia wanaita polisi au wanakufungia. Nimekwambia wewe tu. – Nimechoka

Hii niliijibu siku ileile ilipoingia, sikungoja gazeti. Yuko chini ya uangalizi sasa na kaniruhusu niichape kwa ajili ya mwingine anayesoma saa hizi.

Nilimwambia hivi. Ahsante kuniambia mimi, sasa tafuta wa pili aliye karibu na wewe kimwili, leo, akae na wewe, na dawa zilizopo ndani azitunze yeye, na chochote kingine unachokiwazia akitoe hapo nyumbani. Kama unahisi huwezi kuuvuka usiku huu nenda chumba cha dharura cha hospitali yoyote, haijalishi kama ni ya akili au ya kawaida, au piga namba ya dharura ya nchi yako. Pale mapokezi sentensi moja inatosha: "nina mawazo ya kujiua na naogopa kukaa peke yangu". Huna deni la kueleza zaidi kwenye foleni.

Kuwaza siyo kosa la jinai. Zipo nchi ambazo kujaribu bado kumo kwenye vitabu vya sheria, nyingine zimeshafuta, ila kumwambia dokta kwamba unawaza ni kuomba matibabu tu. Na hawamlazi kila anayesema. Wanakuuliza kama una mpango, kama una mtu nyumbani, wengi wanarudi na miadi ya karibu na namba ya kupiga. Nyie mnaokaa na mtu mnayemhofia, muulizeni moja kwa moja, unawaza kujiua? Swali halimpandikizii wazo, wengi wanapumua wakiulizwa.

Nimelazwa siku 10, sasa nimerudi kazini bosi anataka cheti chenye jina la ugonjwa ndo anilipe zile siku. Dokta yuko tayari kuandika bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Nikubali? – Mtu wa Ofisini

Usikubali haraka. Cheti cha kupumzika kinahitaji tarehe, saini, mhuri na maneno "alikuwa chini ya matibabu, hakuweza kufanya kazi". Jina la ugonjwa ni lako. Mwombe dokta aandike hivyo tu, halafu angalia na mhuri wenyewe, maana nimeona cheti kizuri hakitaji chochote halafu chini kuna mhuri mkubwa wa idara ya magonjwa ya akili. Omba mhuri wa hospitali.

Siri ya mgonjwa ina milango yake michache ya kutokea. Mahakama ikiamuru. Maisha ya mtu yakiwa hatarini, kama ile kesi maarufu ya California ya mwaka 1976 ambapo mahakama ilisema mtaalamu akijua mgonjwa wake anakusudia kumdhuru mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda huyo mtu. Na wewe mwenyewe ukiruhusu. Bosi na mishahara haimo. Kama kazi yako ni ya kuendesha gari au mitambo wanaweza kudai upimwe, na jibu wanalostahili ni "anafaa" au "hafai" au "anafaa kwa masharti", siyo historia yako yote.

Shikamoo shangazi. Mama yangu anatumia haloperidoli mwaka wa pili. Sauti anazozisikia kichwani zimepungua kweli ila mikono inatetemeka, uso kama ubao, miguu haitulii anatembea sebuleni usiku kucha, anasema bora sauti kuliko hivi. Kliniki dokta anafungua faili anaandika "endelea" hata hajamwangalia. Mwezi jana dawa zenyewe dirishani hazikuwepo. Anaweza kukataa dawa? – Kitinda Mimba

Marahaba. Kama mama anahudhuria kliniki kwa hiari yake, ndiyo, anaweza kukataa, kama anavyoweza kukataa dawa ya presha. Ila kukataa na kuacha ghafla ni vitu viwili, akiacha ghafla sauti zinaweza kurudi na hasira mara mbili na hapo ndo mnakuja kumfunga kamba mkimleta wodini. Mnachotaka kusema ni "hatuitaki hivi, tunataka ibadilishwe".

Na anayo haki ya kulalamika, hayo siyo maneno ya mgonjwa. Kutetemeka na uso kukaza ni haloperidoli. Miguu kutotulia ni haloperidoli pia, na hii ndo inayoniuma zaidi, kwa sababu dokta asiyeuliza anaona mgonjwa anatembeatembea anasema ugonjwa umepanda, anaongeza dozi, miguu inazidi, anaongeza tena. Mwambieni lini ilianza, kabla ya dawa au baada. Yapo ya kufanya: dozi inapunguzwa, inaongezwa benzeksoli kwa kutetemeka, au anahamishiwa nyingine kama risperidoni au olanzapini, ambazo nazo zina yake, olanzapini inanenepesha na kupandisha sukari, kwa hiyo apimwe uzito na sukari. Shingo ikipinda ghafla na macho kupanda juu ni hospitali saa ileile. Homa kali na mwili mzima kukakamaa na kuchanganyikiwa, hiyo msingoje hata gari la jirani. Mdomo au ulimi ukianza kuchezacheza wenyewe semeni mapema, hiyo ikikomaa inaweza isiondoke.

Kliniki ingieni na sentensi moja kabla faili halijafunguliwa: "leo tumekuja kwa ajili ya madhara ya dawa". Usiku mchukue mama video ya sekunde thelathini akiwa anatembea, kwa ruhusa yake, mwonyeshe dokta. Nimeona video moja ya simu ikifanya kazi ambayo barua tatu za malalamiko hazikuifanya. Na maswali aulizwe mama, wewe ukiwa pembeni, dokta akikugeukia wewe mrudishie, "mama ndo anajua dokta".

Dawa kukosekana dirishani kwa kweli ni aibu. Haloperidoli imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hiyo orodha ipo tangu 1977, na ni dawa ya bei ndogo. Msisubiri kidonge cha mwisho, ulizieni siku tano kabla. Ikikosekana mwambieni mfamasia aandike kwamba haipo na dokta aandike mbadala uliopo, kwa jina la dawa siyo la kampuni.

(Wenye ndugu wanaotumia lithiamu, dawa ya bipola: kuharisha, kutapika au jua kali bila maji kunaipandisha kwenye damu, na ibuprofeni pia. Damu ipimwe mara kwa mara, na figo, na thairoidi. Kama kliniki yenu haijawahi kumpima hata mara moja, ulizeni kwa nini.)

Mume wangu wiki ya tatu hali, haongei, anakaa tu anaangalia ukuta. Madaktari wanataka kumpiga umeme. Mama mkwe analia anasema watamuunguza ubongo. Nisaini? – Mke wa Kimya

Mwambie mama mkwe ana sababu ya kuogopa, tiba hii ilianza Roma mwaka 1938 na miaka mingi ilifanywa bila nusu kaputi, na mahali pengine ilitumika kama adhabu. Inayotakiwa leo ni tofauti: mgonjwa anapewa nusu kaputi na dawa ya kulegeza misuli, halafu umeme kidogo kwa sekunde chache, mara mbili au tatu kwa wiki, jumla sita mpaka kumi na mbili hivi. Ubongo hauungui. Kusahau kunakuwepo, hasa mambo ya siku zile za matibabu na kabla yake kidogo, kwa wengi kumbukumbu inarudi, wapo ambao vipande haviwarudii kabisa. Kwa mtu aliyeacha kula na kunywa kwa sonona nimeona inaokoa maisha pale dawa zilipochelewa.

Kabla ya saini uliza: kuna mtaalamu wa usingizi siku hiyo? Jibu likiwa hapana, usisaini, bila nusu kaputi na dawa ya misuli haitakiwi kufanywa. Uliza pia wamejaribu nini kingine na kwa dozi gani, na omba daktari wa pili amwone. Mume wako naye aelezwe, hata kama hajibu, sikio lake linafanya kazi. Je alipokuwa mzima aliwahi kusema lolote kuhusu hili? Hilo ndo unalolibeba kwenye kalamu, siyo unalotaka wewe wala mama mkwe. Na akianza kuongea baada ya mara ya tatu au ya nne, anaulizwa yeye kama wanaendelea.

Naweza kuona faili langu? Nesi amesema ni mali ya hospitali. – Mdadisi

Karatasi ni ya hospitali, habari zilizomo ni zako. Andika barua fupi kwa mganga mkuu: jina, namba ya faili, unataka nakala ya kitu gani (muhtasari wa kuruhusiwa, orodha ya dawa, majibu ya vipimo), weka tarehe, na nakala yako ipigwe mhuri wa kupokelewa. Wanaweza kuziba sehemu zinazomtaja mtu mwingine, au kukukatalia kipande wakiamini kitakudhuru sana, lakini sababu waiandike. Mwenyewe ukikuta humo wamekuandika kitu ambacho siyo kweli, usikifute wala usichane, omba maelezo yako yaambatanishwe pembeni. Na mpelekee huyo nesi salamu zangu.